Hivi "vyakula vyenye serotonini" maana yake ni nini hasa?

Jamani hii ya "kula ndizi ina serotonini, mudi itakaa sawa" sasa imezidi. Mwanzo nilikuwa naiacha ipite maana ndizi haimuui mtu na anayeisema kwa kawaida anakutakia mema, lakini juzi nimeisikia tena kwa mtu anayewafundisha wenzake mambo ya lishe, tena anaisema kwa kujiamini kabisa na orodha yake mkononi, na wanaomsikiliza wanaandika. Basi ngoja tuiweke sawa.

Maana kwanza, kwa haraka. Serotonini ni kemikali ambayo mwili unaitengeneza wenyewe na seli zinaitumia kupeana taarifa. Kwenye ubongo inahusika na usingizi, hamu ya kula, maumivu, hisia na mengine mengi. Nje ya ubongo inahusika na kusukuma chakula kwenye utumbo na kusaidia damu kuganda ukijikata. Ndo hivyo. Kuiita "homoni ya furaha" ni kama kumuita mpishi "mtu wa chumvi", sio uongo moja kwa moja ila umeacha karibu kila kitu.

Sasa shida yangu iko kwenye hicho kineno "vyenye", kwa sababu watu wanachanganya vitu viwili ambavyo havihusiani kabisa. Kuna chakula ambacho ndani yake kuna serotonini tayari, halafu kuna chakula ambacho kina malighafi ambayo ubongo unaitumia kutengeneza serotonini yake. Mtu anaanza kuongelea cha kwanza, katikati anahamia cha pili, anamalizia na furaha, na hakuna anayeshtuka.

Tuanze na cha kwanza. Ni kweli serotonini ipo kwenye ndizi mbivu, nanasi, nyanya, kiwi na jozi (zile njugu zinazoitwa walnut). Tena kwenye ndizi ganda lina nyingi kuliko ile nyama ya ndani unayokula, kwahiyo kama hoja ingekuwa serotonini tu tungekula maganda. Lakini ukiimeza inaenda wapi? Nyingi inavunjwavunjwa kwenye utumbo na ini, kuna kimeng'enya hapo ambacho kazi yake ni hiyohiyo, na kidogo kinachobaki kikafika kwenye damu hakiwezi kuingia kwenye ubongo. Mishipa midogo ya damu ya kwenye ubongo imebanana, haipitishi kila kitu, na serotonini ni moja ya vitu ambavyo haivipitishi. Hata ule mkungu mzima.

Na kuna ushahidi mmoja mzuri sana ambao watu wa maabara wanaujua ila hausemwi huku nje. Kuna uvimbe fulani adimu, mara nyingi unaanzia kwenye utumbo, ambao unamwaga serotonini nyingi kwenye damu. Kuuchunguza, mgonjwa anakusanya mkojo wake wa saa 24 na maabara wanapima mabaki yanayotokana na serotonini iliyovunjwa. Kabla ya hapo anaambiwa kwa siku kadhaa asiguse ndizi, nanasi, nyanya wala jozi. Kwa nini? Kwa sababu serotonini ya hivyo vyakula inaenda kutokea kwenye mkojo na kuharibu majibu, unaweza ukaonekana una uvimbe kumbe una saladi ya matunda tumboni. Sasa fikiria hilo vizuri, ileile serotonini tunayoambiwa inapandisha mudi, maabara wanaiona kwenye mkojo. Ubongo haujawahi kuiona.

Hapa lazima niingie kwenye historia kidogo, maana jina lenyewe halikuwa na habari na furaha. Miaka ya 1930 Mtaliano mmoja, Vittorio Erspamer, alikuwa anachunguza seli za kwenye utumbo akapata kitu kinachofanya misuli ijikaze, akakiita enteramini, yaani kitu cha utumbo. Mbali kabisa na yeye, kule Cleveland nchini Marekani, Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page walikuwa wanatafuta kitu kilichopo kwenye damu iliyoganda ambacho kinabana mishipa, kwa sababu Page shida yake ilikuwa presha. Mwaka 1948 wakakipata kwenye damu ya ng'ombe, wakachukua "seramu", yale majimaji yanayobaki damu ikishaganda, wakaunganisha na "toni" ya kukaza, ndo ikawa serotonini. Kitu cha damu kinachokaza mishipa, basi. Mwaka 1952 ikaja kuonekana kwamba enteramini ya Erspamer na serotonini ya akina Page ni kitu kimoja. Mwaka 1953 ndo Betty Twarog, ambaye mwanzoni alikuwa anashughulika na misuli ya kome wa baharini, akiwa na Page wakaonyesha kwamba ipo na kwenye ubongo wa wanyama. Yaani ubongo umekuja mwishoni kabisa kwenye stori hii. Utumbo na damu vilitangulia, na mpaka leo utumbo ndo wenye mali, asilimia 90 hivi au zaidi ya serotonini ya mwili iko huko.

Na hiyo asilimia 90 nayo imeshakuwa balaa. Utasikia "serotonini yote iko tumboni kwahiyo furaha inaanzia tumboni". Hapana. Ya tumboni inafanya kazi za tumboni na haipandi kwenda kwenye ubongo kwa sababu ileile ya ndizi, haipiti. Hata utengenezaji wake uko tofauti, mwaka 2003 iligundulika kwamba kuna jeni mbili za kuanzisha hiyo kazi, moja inatumika zaidi utumboni na nyingine kwenye ubongo. Ukitaka kujua serotonini ya utumbo inakufanya ujisikieje, waulize waliopata matibabu ya saratani, zile dawa zinaushtua utumbo unamwaga serotonini nyingi, na matokeo yake sio furaha, ni kutapika. Ndo maana wanapewa ondansetroni, dawa ambayo inaizuia serotonini kwenye vipokezi vyake, yaani zile sehemu za seli ambazo inajishika kupeleka taarifa. Utumbo na ubongo vinawasiliana, hilo sibishi, kuna neva ndefu ya vagasi inayounganisha huku na huku, lakini kuwasiliana sio kupelekeana serotonini kama mzigo.

Haya, tuje kwenye cha pili ambacho ndo chenye maana. Malighafi inaitwa triptofani, ni moja ya zile asidi amino zinazojenga protini, na hii mwili hauwezi kuitengeneza, lazima uile. Frederick Hopkins na Sydney Cole waliitenga mwaka 1901 kutoka kwenye protini ya maziwa. Triptofani inaweza kuingia kwenye ubongo, na ikishaingia ubongo unaigeuza kuwa serotonini kwa hatua mbili, ya kwanza inahitaji madini ya chuma na ya pili inahitaji vitamini B6.

Sasa mtu atasema si ndo hivyo, ndizi ina triptofani! Inayo, ila angalia kiasi. Ndizi moja ya kawaida ina miligramu 10 hivi. Yai moja kubwa lina kama 80. Glasi ya maziwa iko kwenye 100. Mbegu za maboga, gramu 30 tu, zinapita 150. Mahitaji ya mtu mzima yanakadiriwa miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwahiyo mwenye kilo 60 anahitaji 240, na kwa ndizi peke yake angekula zaidi ya 20. Kwenye kila orodha ndizi iko namba moja, yai liko chini huko au halipo kabisa, na sijui nani aliianza hiyo.

Alafu kuna kitu kinachowavuruga hata waliosoma. Kula triptofani nyingi sio sawa na kuingiza triptofani nyingi kwenye ubongo. Njia inayotumia kuingilia inagombaniwa na asidi amino nyingine kubwa, lusini, valini, tairosini na wenzao, na hao kwenye protini ni wengi kuliko yenyewe. Kwahiyo ukila nyama nyingi triptofani kwenye damu inapanda, ila wapinzani wake wanapanda zaidi, na inayoingia inaweza isiongezeke hata kidogo. Kinyume chake ukila wanga mtupu, insulini inapanda, misuli inawanyonya wale wapinzani kutoka kwenye damu, triptofani inabaki kwa sababu nyingi yake imejishika kwenye albumini, protini inayobeba vitu kwenye damu, na hapo inapata nafasi ya kupita. John Fernstrom na Richard Wurtman walilionyesha hili kwa panya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watu wakarukia "kumbe mkate unaleta furaha", lakini protini kidogo tu kwenye mlo inatosha kuufuta huo mchezo, na chakula cha watu wa kawaida karibu siku zote kina protini kidogo. Ndo maana namba za triptofani nilizotaja hapo juu zikutosheleze kujua kama unapata ya kutosha, zisikufanye upange sahani kama mtu anayepima dawa.

Mahali ambapo chakula kinagusa akili kweli, na hapa naomba nieleweke kwa sababu watu wakisikia nabisha ndizi wanadhani nasema chakula hakina kazi, ni pale penye upungufu. Pelagra ni ugonjwa wa kukosa niasini, vitamini ambayo mwili unaweza pia kuitengeneza kutoka kwenye triptofani, na dalili zake ni ngozi kuharibika, kuharisha na akili kuchanganyikiwa. Mtu mwenye pelagra ukimpa chakula sahihi anarudi. Upungufu wa chuma unakuchosha na kukufanya mtu wa hasira za karibu. B12 ikipungua sana unaweza kupata usahaulifu, ganzi na huzuni isiyoeleweka inatoka wapi. Hapo chakula, au dawa ukifikia huko, kinaziba pengo. Ila kuziba pengo ni kitu kimoja na kumwagia juu ya kilichokwisha kujaa ni kitu kingine.

Na hata kwa mlo mzima kuna dalili nzuri. Mwaka 2017 Felice Jacka na wenzake Australia walitoa matokeo ya jaribio la watu 67 wenye sonona, wengine wakasaidiwa kubadilisha mlo kwa wiki 12, mboga, matunda, kunde, samaki, nafaka zisizokobolewa, mafuta ya zeituni, wengine wakapewa mtu wa kukaa nao na kupiga stori. Wa mlo karibu theluthi walitoka kwenye sonona, wa stori asilimia 8. Ni jaribio dogo na washiriki walijua wako kundi gani, kwahiyo tusilibebeshe mzigo usio wake, lakini ona kilichobadilishwa, ni mlo mzima. Hakuna aliyepewa tunda moja akaambiwa asubiri.

Kwahiyo mtu akiniuliza apike nini, majibu yangu yanachosha kidogo. Uji wa shayiri na maziwa, ukiiva mwagia mbegu za maboga ulizozikaanga kavu dakika mbili tatu mpaka zianze kupasuka, na kata ndizi juu kwa sababu ni tamu, hiyo sababu inatosha. Au maharage, yaloweke usiku, mwaga yale maji, yachemshe kwa moto mkali angalau dakika 10 kabla hujapunguza moto (maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu yake, hii usiifanyie uvivu), yakiiva unga na kitunguu na nyanya, mwishoni tupia mboga za majani zilainike tu, kamulia limao maana vitamini C inasaidia chuma cha kwenye mimea kufyonzwa. Yai la kuchemsha pembeni. Samaki wenye mafuta mara moja moja. Kula kwa wakati pia, mtu mwenye njaa ana mudi mbaya na hilo halihitaji kemia.

Kitu kimoja tu sitaki kikupite. Kuna vidonge vinauzwa kama "serotonini ya asili", vingi ndani ni 5-HTP, hatua ya kati kati ya triptofani na serotonini, na hii inaingia kwenye ubongo kweli. Kama unatumia dawa za sonona usijiongezee hivyo vidonge bila daktari, serotonini ikizidi inaleta kutetemeka, joto kali, moyo kwenda mbio, na kuna watu inawafikisha pabaya. Na kama huzuni imekaa wiki kadhaa, usingizi umekimbia na hata ulichokuwa unakipenda hukitaki tena, nenda kaonane na mtaalamu, maharage yatakusubiri.

Basi siku nyingine ukitaka kumshauri mtu, badala ya "kula hiki kina serotonini" sema tu "kula hiki, kina protini nzuri na chuma", au sema "hujala tangu asubuhi, kula kwanza". Atakuelewa vilevile, na ndizi bado unaweza kumpa.