Elimu kwa umma: Eneo bunge la 60B na uchaguzi wa Minnesota wa 2026

Tarehe 3 Novemba 2026 viti vyote 134 vya Baraza la Wawakilishi la Minnesota na viti vyote 67 vya Seneti ya jimbo vitagombewa siku moja. Maswali kutoka kwa jamii zinazozungumza Kiswahili huko Minneapolis na Brooklyn Park yameongezeka, na mengi yanatokana na dhana moja isiyo sahihi: kwamba eneo bunge ni mtaa. Eneo bunge ni mpaka uliochorwa kuzunguka idadi fulani ya watu, na mpaka huo huchorwa upya baada ya kila sensa. Msimbo wa posta hauwezi kukuonyesha eneo bunge lako, wala jina la mtaa, wala mahali ulipopigia kura mwaka 2020. Anwani unayolala ndiyo pekee inayokuonyesha.

Makala haya yanatumia mfano wa 60B, eneo bunge lililo katikati ya Minneapolis linalojumuisha Cedar-Riverside na sehemu zinazokizunguka Chuo Kikuu cha Minnesota. Historia yake inaeleza karibu kila jambo ambalo wananchi hutuuliza sisi maafisa wa uchaguzi.

Tuanze na namba. Jimbo limegawanywa katika maeneo 67 ya Seneti, na kila moja limekatwa mara mbili, A na B. Kwa hiyo mkazi wa 60B ana mwakilishi mmoja wa 60B na seneta mmoja wa 60, anayemtumikia pamoja na majirani wa 60A. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 5,706,494 Minnesota. Ukigawa kwa 134, kila eneo bunge linapaswa kuwa na watu wapatao 42,586. Msingi huu wa usawa unatokana na uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 1964, katika kesi iliyotoka Alabama, uliozitaka kura za bunge la jimbo ziwe na uzito sawa. Kabla ya hapo kaunti zenye watu wachache ziliweza kuwa na sauti sawa na miji mikubwa.

Wanaohesabiwa ni wakazi wote: watoto, wanafunzi, wenye kadi ya kijani, wakimbizi. Hili linapuuzwa mno. Mtu asiye na haki ya kupiga kura bado anaongeza ukubwa wa eneo lake akijaza fomu ya sensa, na familia isiyojaza inapunguza uwakilishi wa mtaa wake kwa miaka 10. Sensa ijayo ni ya 2030, na mipaka itakayotokana nayo itaanza kutumika katika uchaguzi wa 2032.

Kisheria, mipaka hupitishwa na bunge la jimbo na kutiwa saini na gavana. Kwa vitendo, vyama vimeshindwa kuafikiana mara kwa mara na mahakama ndizo zilizomaliza kazi. Mwaka 2022, kama ilivyokuwa 2002 na 2012, jopo la majaji watano lilitangaza ramani. Lilifanya hivyo tarehe 15 Februari 2022, siku ya mwisho iliyowekwa na sheria. Maafisa wa uchaguzi hawachori mpaka. Tunapokea ramani, kisha kaunti na miji hupanga upya vituo vya kupigia kura kulingana nayo. Kumlaumu karani wa kituo kwamba "amekuhamisha" ni kumlaumu mtu asiyehusika.

Phyllis Kahn, aliyewakilisha mtaa huu katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, alichaguliwa mara ya kwanza mwaka 1972, wakati karatasi za kura za bunge la jimbo zilikuwa bado hazina majina ya vyama. Utaratibu huo, ulioanza 1913, ulifutwa 1973. Alihudumu miaka 44. Katika muda huo mtaa wake ulibadilishiwa namba zaidi ya mara moja. Kabla ya ramani ya 2012 ulikuwa ndani ya 59B, na ramani hiyo ikauita 60B. Kwa hiyo anayesoma matokeo ya zamani ya "60B" kabla ya 2012 anasoma matokeo ya watu wengine kabisa, na kulinganisha kura za namba moja kwa miongo ni kosa ambalo hata waandishi wa habari hulifanya.

Mwaka 2014 Mohamud Noor alimpinga Kahn katika mchujo wa DFL, chama cha Democrat cha hapa Minnesota. Mkutano wa wanachama wa mtaa uliofanyika Februari katika kituo cha jamii cha Brian Coyle ulivunjika baada ya vurugu, na mchujo wa Agosti ukampa Kahn ushindi. Tarehe 9 Agosti 2016 walirudi wawili hao pamoja na Ilhan Omar. Omar alipata takriban asilimia 41, nao wengine wawili wakapata karibu asilimia 29 kila mmoja. Novemba alishinda kwa urahisi, akahudumu kipindi kimoja cha miaka miwili, kisha akaenda Bunge la Marekani mwaka 2019. Noor alichaguliwa 60B mwaka 2018.

Kuna mafunzo mawili hapo. Kwanza, ngazi hizi mbili ni tofauti. Omar sasa anawakilisha Eneo la Tano la Bunge la Marekani, lenye watu wapatao laki saba, na masuala ya viza na uraia yako ngazi hiyo. Mwakilishi wa 60B anapiga kura kuhusu sheria za jimbo: leseni za udereva, bajeti ya shule, mahusiano ya mwenye nyumba na mpangaji. Pili, katika eneo bunge ambalo chama kimoja kina wafuasi wengi sana, kiti huamuliwa kwenye mchujo wa Agosti. Anayengoja Novemba anakuta wengine wameshachagua.

Mchujo una kanuni ambazo lazima zifuatwe. Minnesota haina usajili wa vyama. Huulizwi wewe ni wa chama gani. Karatasi ya mchujo ina safu za vyama, nawe unachagua safu moja tu. Ukiweka alama kwa mgombea wa DFL na nyingine kwa mgombea wa Republican, sehemu yote ya vyama haihesabiwi. Kituoni mashine itaikataa karatasi na utapewa nyingine. Kwa kura ya posta hakuna wa kukuonya, na kura hiyo imekwisha. Isitoshe, wakazi wa Minneapolis wamezoea kupanga wagombea kwa nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu katika uchaguzi wa meya na madiwani, utaratibu unaotumika tangu 2009. Haupo kwenye uchaguzi wa jimbo. Mwenye kura nyingi anashinda hata akiwa na asilimia 41.

Mikutano ya mitaa ya Februari nayo si uchaguzi wetu. Jimbo huweka tarehe, lakini vyama ndivyo vinavyoiendesha, na malalamiko kuhusu wajumbe yapelekwe kwa chama. Mgombea asiyeidhinishwa na mkutano bado ana haki ya kuingia mchujoni.

Sasa kuhusu kugombea, ambako tunaona matumaini mengi na maandalizi machache. Mgombea awe raia mwenye sifa za kupiga kura, awe na umri wa miaka 21, awe ameishi Minnesota mwaka mmoja na ndani ya eneo bunge lenyewe miezi sita mfululizo kabla ya uchaguzi. Kwa mwaka huu hiyo ni kuanzia tarehe 3 Mei 2026. Hati ya kiapo ya kugombea hupokelewa kuanzia 19 Mei hadi saa 11 jioni ya 2 Juni, katika ofisi ya Katibu wa Jimbo au ofisi ya uchaguzi ya kaunti. Ada ni dola 100. Asiyeweza kulipa anaweza kuleta sahihi 500, au asilimia 5 ya kura zilizopigwa uchaguzi uliopita, idadi iliyo ndogo kati ya hizo. Anayebadili nia ana siku mbili za kujiondoa baada ya muda wa kupokea hati kwisha. Baada ya hapo jina lake linabaki kwenye karatasi, atake asitake. Hati iliyofika saa 11 na dakika moja haipokelewi. Tafadhali msituombe kuipokea.

Sharti la miezi sita si la karatasi tu. Mwaka 2024 mgombea wa DFL katika 40B, kaskazini mwa Saint Paul, alishinda kwa pengo kubwa. Mpinzani wake alikwenda mahakamani, na Desemba hakimu aliamua kwamba mshindi hakuwa akiishi katika nyumba aliyokodi ndani ya eneo hilo. Kiti kilibaki wazi. Gavana aliitisha uchaguzi mdogo wa 28 Januari 2025, lakini Mahakama Kuu ya Minnesota iliubatilisha kwa sababu tangazo lilitolewa mapema kuliko sheria inavyoruhusu. Uchaguzi ulifanyika 11 Machi, David Gottfried akashinda, na Baraza likarudi kwenye viti 67 kwa 67 kati ya DFL na Republican. Mkataba wa kupanga peke yake hauthibitishi ukaazi. Mahakama hutazama mahali unapolala, mali yako ilipo, na unaporudi jioni.

Wanaosema kura moja haina maana waitazame 54A, mjini Shakopee, mwaka huo huo wa 2024. Brad Tabke alishinda kwa kura 14, kisha ikagundulika kwamba kura 20 za mapema kutoka kituo kimoja zilipotea bila kuhesabiwa. Wapigakura sita walitoa ushahidi mahakamani kwamba walimpigia Tabke. Hata kura 14 zilizosalia zote zingekuwa za mpinzani wake, Tabke angebaki mbele, na Januari 2025 hakimu alithibitisha ushindi. Kura hupotea pale bahasha zinapofunguliwa na idadi yake isilinganishwe mara moja na orodha ya waliopiga. Ndiyo maana makarani hurudia kuhesabu bahasha mbele yenu, na ndiyo maana mnapaswa kuvumilia wakifanya hivyo. Kuhesabu upya kwa gharama ya umma kunawezekana kama pengo ni chini ya asilimia 0.5 ya kura za kiti hicho, lakini sharti mgombea aombe kwa maandishi.

Kuhusu uraia tuseme wazi. Asiye raia wa Marekani hapigi kura wala hajiandikishi, awe na kadi ya kijani, kibali cha kazi au hifadhi. Kufanya hivyo kwa kujua ni kosa kubwa la jinai. Adhabu inaweza kufika miaka 5 gerezani, faini ya dola 10,000, au vyote viwili, na kesi yako ya uhamiaji inaweza kuharibika kabisa. Mtu yeyote akikuletea fomu akisema "jaza tu, hakuna shida," usijaze. Kwa upande mwingine, raia aliyefungwa kisha akatoka gerezani ana haki ya kupiga kura hata akiwa chini ya uangalizi, tangu 1 Juni 2023. Wapo wanaoendelea kukaa nyumbani kwa kuamini sheria ya zamani.

Raia aliyehama anaweza kujiandikisha siku yenyewe ya uchaguzi. Lete leseni ya Minnesota yenye anwani ya sasa, au kitambulisho chenye picha, pasipoti ikiwamo, pamoja na bili au mkataba wa nyumba unaoonyesha jina na anwani. Asiye navyo anaweza kudhaminiwa na mpigakura aliyeandikishwa katika kituo hicho hicho. Hapa ndipo mambo huharibika. Mdhamini awe wa kituo chako, si rafiki wa ng'ambo ya mto Mississippi. Asidhamini zaidi ya watu wanane. Na aliyedhaminiwa siku hiyo hawezi kumdhamini mwingine. Mdhamini anakula kiapo kwamba anajua unaishi hapo. Akisema uongo anakabiliwa na adhabu ile ile tuliyoitaja. Jirani wa ghorofa moja Riverside Plaza ni mdhamini mzuri. Mtu uliyekutana naye mlangoni siye.

Unaruhusiwa kuja na mtu wa kukusomea au kukutafsiria karatasi hadi ndani ya kibanda, isipokuwa mwajiri wako au kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi.

Brooklyn Park, ambako Wakenya wengi wanaishi, ina zaidi ya eneo bunge moja. Huldah Momanyi Hiltsley, aliyezaliwa Kenya, alichaguliwa 38A mwaka 2024. Melissa Hortman, aliyeuawa Juni 2025, alikuwa mwakilishi wa 34B, na Xp Lee alichukua kiti hicho katika uchaguzi mdogo wa 16 Septemba 2025. Baadhi ya wakazi walishangaa jirani kupata karatasi ya kura nao wasipate. Hakukuwa na njama. Waliishi upande mwingine wa mpaka. Ingiza anwani yako kwenye mnvotes.gov kabla ya kutoka nyumbani, kila uchaguzi, hata kama hujahama.

Mchujo ni 11 Agosti 2026 na kura za mapema zinaanza 26 Juni. Kwa uchaguzi wa Novemba, kura za mapema zinaanza 18 Septemba, na kujiandikisha kabla ya siku ya uchaguzi kunafungwa 13 Oktoba. Kura ya posta lazima iwe imefika siku ya uchaguzi. Muhuri wa posta hautoshi. Wanaofanya kazi za zamu hospitalini na katika nyumba za wazee wajue kwamba mwajiri analazimika kuwapa muda wa kwenda kupiga kura bila kuwakata mshahara. Vituo vingi hufunguliwa saa 1 asubuhi na hufungwa saa 2 usiku. Aliyekwisha kusimama kwenye foleni saa 2 kamili atapiga kura, hata foleni ikichukua saa nzima zaidi, na hakuna afisa mwenye mamlaka ya kumrudisha nyumbani.