Helios haizungushi picha yenyewe

Wengi wanaonunua Helios 44-2, lenzi ya Kisovieti ya milimita 58, huamini ukishaifunga tu kwenye kamera, nyuma ya mtu patazunguka kama kimbunga. Wanakwenda Kibirizi, Kigoma, wanampiga picha mchuuzi wa dagaa mbele ya Ziwa Tanganyika, halafu wanalalamika wameuziwa feki.

Lenzi haina kosa. Mzunguko ule ni madoa ya mwanga yanayobanwa kadiri yanavyokaribia kingo za picha. Maji matupu hayana madoa, basi kizunguke nini? Mpeleke mtu huyohuyo Ujiji kwenye miembe, jua likipenya majani: yeye awe karibu nawe, majani mbali nyuma yake, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, yaani f/2. Ukilibana hadi f/5.6 mzunguko unakufa, ila kope zinahesabika. Sensa ndogo (kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga) nayo hukata kingo, ndiko utamu uliko.

Na picha ikififia, usikimbilie kusema ni kuvu ndani ya lenzi. Mara nyingi ni jua la jioni, likizama upande wa Kongo, linaloipiga lenzi usoni. Ikinge kwa kiganja.

Fokasi, yaani kuifanya picha iwe kali, ni ya mkono, kwa hiyo mwombe mzee wa watu atulie kidogo. Baada ya kumwomba ruhusa, lakini.