Usitie hela yako kwenye sanduku la kikundi

Kila msimu vijana wanaokuja kujitolea kwenye vikundi vya hisa, vile vya kuweka na kukopa, huniuliza swali lile lile, na wiki hii limerudi tena: tukichangishana huko kwetu, tukiongezee kikundi mtaji wa shilingi ngapi? Hata senti moja msiongeze. Nimechoka kulijibu kwa mdomo, sasa naandika.

Nia yenu ni njema, sina shaka nayo. Kinachonikera ni ile imani kwamba akina mama wa kijijini wamekaa wanangoja mtu wa nje aje na fedha. Utaratibu huu ulioanzishwa na shirika la misaada la CARE nchini Niger mwaka 1991 uliundwa makusudi uende bila hela ya nje. Wanachama hawazidi 30, kila mkutano mtu ananunua hisa moja hadi tano, mikopo inatoka humo humo, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Faini, mfuko wa jamii na katiba mtavikuta huko.

Kaeni karibu na sanduku mlitazame. Lina kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu tofauti, wala mtunza sanduku hana hata mmoja. Hela zinahesabiwa kwa sauti, kila mtu anasikia. Mhuri wa hisa unagongwa kwenye kitabu cha mwanachama mbele ya wote. Kabla ya kufunga wanatamka salio ili kila mmoja aondoke nalo kichwani, na mkutano ujao wanaulizwa lilikuwa kiasi gani. Aliyekopa akichelewesha rejesho, anajua amekwamisha ada ya mtoto wa jirani aliyeketi mbele yake. Hiyo ndiyo dhamana. Hakuna hati ya nyumba wala ya shamba.

Sasa mtie humo milioni ya mfadhili. Ni ya nani? Hakuna aliyejinyima ili ipatikane, kwa hiyo hakuna wa kumkabili mdaiwa. Marejesho yanalegea, mabishano yanaanza. Hata mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri zetu za Tanzania, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, imetuonyesha hayo: vipo vikundi vilivyoundwa kwa ajili ya mkopo tu, na hela zilipoingia mikutano ikafa.

Kazi ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe. Katibu akiomba msaada wa kuandaa makaratasi, msaidieni. Asipoomba, sikilizeni.

Wala sisemi hisa zinamaliza umaskini. Utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, Malawi na Uganda, ukachapishwa 2017, ulikuta biashara za familia zimeimarika na wanawake wamepata sauti zaidi, lakini matumizi ya kaya kwa wastani hayakubadilika. Hilo linanisumbua, maana matumizi ndiyo chakula na dawa. Tena asiyemudu hata hisa moja hayumo kabisa kwenye mkutano mnaouhudhuria, na jibu la kuniridhisha kuhusu huyo bado sijalipata. Mkishazoeana na mama mwenyekiti, mwulizeni kwa heshima nani walijitoa mzunguko uliopita na walikwamia wapi, kisha ombeni awapeleke mkawasalimie.