Selimundu: jeni, seli na damu kwa maswali na majibu

Jeni ni nini, na selimundu inaingiaje hapo?
Kiini cha seli ya binadamu kina kromosomu 46, yaani jozi 23. Katika kila jozi moja imetoka kwa mama, nyingine kwa baba. Jeni ni kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani. Inayohusika hapa iko kwenye kromosomu ya 11 na hutengeneza sehemu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni.

Selimundu ni ugonjwa wa damu wa kurithi unaotokana na kosa la herufi moja tu ya DNA katika jeni hiyo: palipotakiwa GAG pana GTG. Asidi amino (kiungo kimojawapo cha kujengea protini) ya sita, badala ya kuwa asidi ya glutamiki, inakuwa valini. Himoglobini hiyo, iitwayo S, ikishaachia oksijeni hushikana na kuwa nyuzi ngumu, na chembe nyekundu ya damu hupinda kama mundu. Ikikwama kwenye mishipa midogo, maumivu huanza. Isitoshe, chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, iliyopinda huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu.

Mbona chembe nyekundu haina kiini? Jeni inaiathiri vipi?
Ilikuwa nacho ikiwa changa ndani ya uboho. Maelekezo yalisomwa huko, kisha kiini kikatolewa kabla haijaingia kwenye mzunguko wa damu. Kwa hiyo kuongezewa damu hakuponyi selimundu: uboho ni uleule.

Wazazi wote ni AS (jeni moja ya kawaida, A, na moja ya S), mtoto wa kwanza ni SS (zote mbili S, yaani ana selimundu). Watatu wanaofuata wamesalimika?
Hapana, na kosa hili huwaponza watu wazima pia. Chukua sarafu mbili, moja ya mama, moja ya baba. Bandika A upande mmoja na S upande wa pili, kisha zirushe pamoja. SS hutokea kwa wastani mara 1 kati ya 4, AS mara 2, AA mara 1. Sasa rusha tena: sarafu hazikumbuki zilivyoanguka mwanzo. Kila mimba huanza upya na uwezekano uleule wa asilimia 25. Kuna familia zenye watoto watatu SS, na nyingine hazina hata mmoja.

Kipimo gani humtofautisha AS na SS?
Kipimo cha haraka cha kuangalia kama himoglobini S ipo hakitoshi, maana wote wawili huonyesha ipo. Kinachotenganisha ni elektroforesisi, kipimo kinachotumia umeme kutenganisha aina za himoglobini. Glutamiki ina chaji hasi, valini haina. Kwa hiyo umeme ukipitishwa, S huenda polepole kuliko A. AS huonyesha mistari miwili. Aliyeongezewa damu karibuni asubiri miezi mitatu hivi, la sivyo damu ya mchangiaji itapotosha majibu.

Kwa nini jeni yenye madhara haikutoweka?
Kwa sababu ya malaria. AS kwa kawaida haugui selimundu, na hupata kinga ya kiasi dhidi ya malaria kali. Mwanasayansi Anthony Allison aliona nchini Kenya kwamba jeni hii ilikuwa nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi, ambako mbu wa malaria ni wachache. SS hana nafuu hiyo: malaria humzidishia upungufu wa damu, kwa hiyo chandarua kwake hakipaswi kukosekana.