Poka: eti miezi mitatu tu ushaanza kula hela? Dhana potofu na ukweli wake

Poka ni mchezo wa karata wa kuwekeana pesa, na swali halikauki: "nikianza poka leo, lini nitakuwa nakula kuliko ninavyoliwa?" Majibu yanayozunguka mengi ni uongo mtupu, mengine ni ukweli uliochakachuliwa, ngoja tuyapitie.

"Mwezi wa pili huu niko na faida, basi nishaiva." Hili ndo linamaliza watu. Chukua mchezaji mzuri kweli wa Texas Hold'em (aina ya poka) isiyo na kikomo cha dau, ambaye kwa wastani anapata faida ya madau 5 kila migao 100. Dau hapa ni lile kubwa la lazima linalowekwa kabla ya karata kutoka, na mgao ni karata zikigawiwa mpaka mtu kabeba pesa za katikati. Hiyo ni faida ya kuheshimika kabisa. Sasa shida ni kwamba ndani ya migao 100 hiyohiyo bahati peke yake inaweza kumpandisha au kumshusha kama madau 90 hivi. Peleka hesabu mpaka migao 10,000, faida anayostahili ni madau 500 ila mtikisiko wa bahati ni kama 900, yaani wazuri kama huyo wakiwa 10, karibu 3 wanamaliza wakiwa wameliwa na wala hawajakosea kitu. Upande wa pili ndo mbaya zaidi, asiyejua kitu naye anaweza kumaliza migao hiyo hela ziko mfukoni, akaanza kutufundisha sisi. Ukifika migao 100,000 ndo picha inatulia kidogo, faida 5,000 mtikisiko kama 2,850, na hata hapo kama 4 kati ya 100 bado wako hasi.

Mimi nilikula wiki sita mfululizo nilipoanza, nikajiona fundi, nikapanda meza ya madau makubwa. Wiki mbili tu zikarudisha zote na nyongeza juu.

Ndo maana kuhesabu kwa miezi hakusaidii, hesabu migao. Meza ya ana kwa ana inatoa kama migao 30 kwa saa, kwa hiyo 100,000 ni zaidi ya saa 3,300, ukicheza saa 20 kwa wiki hiyo ni miaka mitatu na kitu. Mtandaoni, meza nne kwa mpigo, unapata kama 300 kwa saa, unamaliza ndani ya miezi minne. Kama unaona natia chumvi, mwaka 2015 programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon inayoitwa Claudico ilicheza migao 80,000 na wataalamu wanne, watu wakamaliza mbele, na bado ukabaki ubishi kama ile tofauti ilikuwa uwezo au bahati! Waliporudi 2017 na programu nyingine, Libratus, wakacheza migao 120,000 kwa siku 20, safari hiyo mashine iliwapiga watu bila ubishi.

Halafu kuna wale wa "saa 10,000 lazima utoboe". Namba hiyo mizizi yake ni utafiti wa Anders Ericsson na wenzake wa 1993 juu ya wapiga violini, na ilikuwa wastani tu wa mazoezi ya kundi la walio bora hadi umri wa miaka 20, utafiti wenyewe haukusema ukifika hapo mlango unafunguka. Tena violini ukikosea inalia vibaya papo hapo, masikio yenyewe yanakwambia. Poka ukikosea unaweza kulipwa! Unaingiza pesa zote na kingi mbili, mwenzio ana ree mbili zinazozidi zako, na bado karibu mara 18 kati ya 100 unabeba wewe. Ukicheza hivyo miaka kumi bila kurudia michezo yako na kuuliza uliamua vizuri au vibaya, unachofanya ni kukomaza makosa.

"Mbona Chris Moneymaker alitoboa?" Ndiyo, mhasibu aliyepata nafasi mtandaoni kwa dola 86, mwaka 2003 akabeba dola milioni 2.5 pale Las Vegas mbele ya watu 839 na yeye akiwemo. Mashindano moja hayo. Wengine 838 hakuna anayewataja.

Kingine watu wanasahau, kula kunategemea unakaa na nani. Mchezo uleule unaokulipa kwenye meza ya wanaojiburudisha unakuliza meza ya juu yake, na mwenye meza anakata kamisheni kwenye pesa za katikati, mara nyingi kama asilimia 5 yenye kikomo, kwa hiyo mkiwa mnalingana uwezo wote mnaliwa taratibu. Kwa hiyo wapo wa miezi sita, wapo wa miaka mitatu, na walio wengi hawafiki kabisa, na wengi wao hawajui maana hawaandiki popote walichoingiza na walichotoa.

Eti na lile la kwamba poka ni kusoma macho ya mwenzio? Mtandaoni hakuna macho, na kuna watu wanakula kila mwaka.