Kwa Nini Mafuta ya Maziwa Huandikwa 5.73 na Pia 1745

Maafisa wawili wa chama cha ushirika cha wafugaji kutoka upande wa Njoro walifika katika maabara yetu hapa Nakuru wakiwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilitoka katika kijitabu cha mashine kuukuu ya kupimia maziwa, na ilisema kuwa mafuta husomwa kwenye 5.73, ya pili, iliyochapishwa na mashine mpya, iliyaonyesha mafuta hayo hayo kwenye 1745. Walitaka kujua ni ipi inayowadanganya. Hakuna hata moja, na kwa kuwa swali hili huulizwa pia na wanafunzi na maafisa wa kilimo, inafaa lielezwe kwa kituo.

Miale ya infraredi ni mwanga usioonekana kwa macho, ambao William Herschel aliugundua mwaka wa 1800 alipoweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua na kuona joto likipanda. Miale hiyo inapopenya katika maziwa au udongo, kila aina ya molekuli hufyonza ile tu inayolingana na mitikisiko ya viungo vyake, nasi hutambua kilichomo kwa kuangalia ni miale ipi iliyopungua. Swali linalobaki ni la jina: mwale uliofyonzwa tuuiteje?

Mkulima wa mahindi anaweza kukueleza shamba lake kwa njia mbili. Anaweza kusema kwamba kutoka mstari hadi mstari ni sentimita 75, au kwamba upande wa shamba wenye mita 30 umegawika katika nafasi 40 kama hizo. Shamba ni lile lile. Urefu wa wimbi ni ile nafasi ya kutoka mgongo mmoja wa wimbi hadi mwingine, na katika infraredi hupimwa kwa mikromita. Nambari ya mawimbi ni hesabu ya mawimbi yanayoenea katika sentimita moja. Kwa kuwa sentimita moja ina mikromita 10,000, gawanya 10,000 kwa 5.73 nawe utapata 1745. Gawanya 10,000 kwa 1745 nawe utarudi ulikotoka.

Mashine za zamani za maziwa zilitumia vichujio vya mwanga, kila kimoja kikipitisha urefu wake wa wimbi: 5.73 kwa mafuta, 6.46 kwa protini na 9.60 kwa laktosi (sukari ya maziwa), yaani 1745, 1548 na 1042 kwa lugha ya mashine mpya. Protini ina kilele kingine, yaani mahali inapofyonza mwanga kwa wingi, chenye nguvu karibu na 1650, lakini hapo maji nayo hufyonza sana, na asilimia 87 hivi ya maziwa ni maji. Ndiyo sababu waundaji wa mashine waliamua kuisoma pembeni kidogo.

Kwa nini basi maabara nyingi zimehamia kwenye nambari ya mawimbi? Sababu kubwa ni kwamba nishati ya mwale hupanda sawasawa na nambari hiyo: ikiongezeka mara mbili, nishati nayo huongezeka mara mbili, ilhali urefu wa wimbi huenda kinyume. Chukua mvuke wa maji. Molekuli yake ina mtikisiko mmoja kwenye 1595 na mwingine kwenye 3756, na yote miwili ikiamshwa kwa pamoja tunatarajia kuona kilele karibu na 5351. Kilele chenyewe huonekana kwenye 5331, kwa sababu mitikisiko hiyo huathiriana kidogo. Sasa jaribu kujumlisha urefu wa mawimbi hayo, 6.27 na 2.66: utapata 8.93, nambari isiyoeleza chochote, kwa maana kilele kiko kwenye 1.88.

Atakayeipokea chati ya kisasa, ile inayoonyesha vilele vyote kwa mfuatano wa nambari za mawimbi, aelewe pia kwamba huanza na 4000 upande wa kushoto na kushuka hadi 400 upande wa kulia. Wageni wengi hudhani imechapishwa kinyume. Kwa mpangilio huo urefu wa wimbi huongezeka kutoka mikromita 2.5 hadi 25 kuelekea kulia, kama ulivyokuwa katika chati za kale. Binafsi naona ni desturi inayochosha wanaoanza, lakini imekwisha kukita mizizi.

Katika udongo mwekundu uliochakaa, kama ule wa Kakamega na Vihiga, madini ya kaolini hujitambulisha kwa vilele viwili vinavyosimama karibu karibu kama pembe za mbuzi, kimoja kwenye 3695 na kingine kwenye 3620. Vimeachana kwa 75. Kwa mikromita ni 2.706 na 2.762, tofauti ya 0.056 ambayo jicho huipita bila kuiona.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, hata walio na shahada. Kanuni ya kugawanya 10,000 hutumika kwa mahali pa kilele, haitumiki kwa upana wake. Mtu aliyeambiwa kuwa kilele kina upana wa 10 asigawanye 10,000 kwa 10 na kuandika mikromita 1,000. Anapaswa kugeuza kingo zote mbili za kilele, kila moja peke yake, kisha atoe moja katika nyingine. Akifanya hivyo atagundua kuwa upana wa 10 kwenye 4000 ni mikromita 0.006 hivi, na upana huo huo kwenye 400 ni takriban mikromita 0.6, mara mia moja zaidi. Maafisa wetu wa Njoro walipokuwa wakiondoka waliandika kwa kalamu pembeni mwa karatasi zao, kwenye moja “mikromita” na kwenye nyingine “kwa sentimita”, maneno ambayo waliochapisha karatasi hizo walipaswa kuyaweka wenyewe.