Msalaba Ulioandikwa kwa Kiarabu

"Sarafu ya Vita vya Msalaba lazima iwe na msalaba na maandishi ya Kilatini."

Dhana hii juu ya vita ambavyo Wakristo wa Ulaya walipigana na Waislamu kuitwaa Yerusalemu imewapoteza wengi. Chukua sarafu ya dhahabu iliyogongwa Akka, mji wa bandari katika Israeli ya leo, karibu na mwaka 1200, chini ya wafalme Wakristo wa Yerusalemu. Kiganjani ni duara jembamba, haifiki gramu 4, yenye mistari ya maandishi iliyozungushwa kama pete, moja ndani ya nyingine. Huoni sura ya mfalme wala msalaba. Anayesoma Kiarabu ataikuta shahada, kisha jina la al-Amir, khalifa wa Misri wa ukoo wa Kiislamu wa Fatimi, aliyeuawa mwaka 1130. Wakristo waliendelea kuligonga jina lake kwa zaidi ya karne moja baada ya mwenyewe kuzikwa! Wenzao wa Tripoli, ile ya Lebanoni ya leo, walimnakili khalifa mwingine wa ukoo huo, al-Mustansir, aliyefariki mwaka 1094.

Sababu ilikuwa soko. Dinari, yaani sarafu ya dhahabu ya Misri, ilikuwa dhahabu karibu tupu na kila mfanyabiashara aliizoea. Sura ya mfalme mgeni aliyefika juzi ingebidi kwanza ijieleze.

"Basi zilikuwa bandia." Hapa pana chembe ya ukweli, maana dhahabu ilipunguzwa: kwanza ikawa karibu asilimia 80, baadaye ikashuka chini ya 70. Lakini hazikutengenezwa kichochoroni. Zilitoka katika karakana za watawala, na mikataba ya Wakristo hao wa Ulaya wenyewe ilizitaja waziwazi kuwa ni besanti za Kisarasini, yaani sarafu za dhahabu za Waislamu. Mimi ningeziita nakala rasmi, ingawa zenye upungufu.

Aliyekasirika ni Eudes wa Châteauroux, mjumbe wa Papa aliyefuatana na Louis IX, mfalme wa Ufaransa, katika vita hivyo. Kuona Wakristo wakigonga jina la Mtume Muhammad kwenye fedha zao, akawatenga na Kanisa wote waliohusika, na mwaka 1253 Papa Innocent IV akaiunga mkono hukumu hiyo. Ungedhani sasa Kilatini kingeingia. Wapi! Akka ilibakiza Kiarabu, ikabadilisha maneno tu. Dirhamu za fedha za mwaka 1251 zinataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, imani moja, ubatizo mmoja. Kwenye dhahabu, kuzunguka msalaba mdogo, pana maneno ya Paulo kwa Wagalatia juu ya kujivunia msalaba wa Bwana. Mswahili akisomewa atakamata neno moja moja: imani, wahid, Masihi, hata salib, ambalo ndilo mzizi wa msalaba wetu.

"Za kale hivyo zote ni adimu." Hapana. Pesa ya kila siku ilikuwa denieri, kisahani cha shaba iliyochanganywa na fedha kidogo. Zile za Bohemond III, mtawala wa wanamsalaba wa mji wa Antiokia, zenye kichwa cha askari aliyevaa kofia ya chuma, kando yake hilali na nyota, ziligongwa kwa wingi mno na hadi leo hupatikana bila shida. Adimu ni kama zile za Jean wa Brienne, mfalme wa Yerusalemu, zenye neno DAMIATA, jina la mji wa Damietta. Jeshi lake liliuteka mji huo wa Misri mwaka 1219 na kuupoteza 1221, kwa hiyo muda wa kuzigonga ulikuwa mfupi.

"Dhahabu iliyofukuliwa kwenye mji wa wanamsalaba ni ya wanamsalaba." Mwaka 2018 huko Kaisaria, mji wa kale wa pwani ya Israeli, kati ya mawe ya kando ya kisima, kilipatikana chungu kidogo cha shaba chenye sarafu 24 za dhahabu na hereni moja. Sarafu 18 zilikuwa za Kifatimi na 6 za Bizanti, dola ya Wakristo wa mashariki. Wachimbuaji wanadhani mwenyewe alizificha wanamsalaba walipoushambulia mji mwaka 1101, naye hakurudi kuzichukua.

Dinari za Kifatimi zilisafiri mbali kuliko majeshi hayo. Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 ilifukuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za watawala wa mwambao, na humo humo zikawemo dinari chache za dhahabu za Kifatimi.